Jipu la Mkamwana wa Tabibu Kibona

Siku ya kuniaga pale kituo cha afya mlinipa vitenge, blanketi na kipaza sauti. Vitenge na blanketi nilivipokea kwa mikono miwili. Kipaza sauti kilinishinda. Nikasema asanteni, nikakaa, na kuku akaendelea kuliwa. Baadaye wachache wenu mkanifuata nyumbani hapa Tunduma mkilalamika, "Mama, umetudhulumu, hukusema kitu." Haya, nimeshika kalamu. Lakini sitaandika habari za vyeo wala mishahara, maana hizo mnazijua na zimeshawanyima usingizi vya kutosha. Nitaandika habari za majipu.

Najua mnacheka. Miaka yote mlinitania kwamba nikisikia neno jipu naacha hata chai ya saa nne. Ni kweli. Kuna manesi wanaopenda kuzalisha, kuna wanaopenda kliniki ya watoto, mimi nilipenda jipu. Jipu halina unafiki. Linavimba, linauma, linaiva, linatolewa usaha, na mtu aliyeingia anachechemea huku akigombana na kila mtu anatoka akiulizia chakula. Magonjwa yanayompa nesi furaha ya namna hiyo siku hiyohiyo si mengi.

Sikuanza na mapenzi hayo. Nilipotoka chuoni nilipangiwa zahanati moja upande wa Mkwajuni, kwenye joto na vumbi la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mchimbaji mwenye jipu kwapani, anatembea mkono umeinuliwa utadhani anaomba ruhusa ya kuongea darasani. Nikaandaa sindano ya dawa kwa madaha yote niliyofundishwa. Alipoiona akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. "Sista, jipu halichomwi sindano. Ukinichoma, utanizika wewe." Nikamweleza, nikambembeleza, nikakasirika. Akaondoka. Baada ya siku kadhaa akarudi kunisalimia, jipu limepasuka lenyewe usingizini, na mkono umeshuka. Shukrani zake zote zilienda kwa sabuni ya mche iliyokwanguliwa ikachanganywa na sukari. Mimi sikupata hata neno moja.

Nilichukia, lakini alinifundisha kitu. Yeye alijua kwamba jipu lina wakati wake, mimi nilijua dawa tu. Usaha ukishakusanyika, dawa haiufikii vizuri; lazima utoke. Ambacho hakujua ni kwamba si kila jipu ni la kusubiri. Palepale Mkwajuni niliwaona wenzake waliosubiri jipu la kidole liive kama la kwapa, na kidole kikaoza mpaka mfupa. Kidole hakina nafasi ya kuvimbia. Mgonjwa akikwambia kidole kimemnyima usingizi, usimpangie kurudi wiki ijayo.

Kisha nikahamishiwa zahanati moja ndogo kupita Iyula, kwenye mashamba ya kahawa na mahindi. Kwa mimi Mnyiha wa Mbozi ilikuwa kama kurudi nyumbani. Asubuhi ya kwanza nilisikia salamu yetu ya "mwagona" kabla sijashusha begi langu. Hapo ndipo nilipomkuta Tabibu Kibona.

Alikuwa Mndali wa Ileje aliyeletwa na kazi, akanunua shamba, akajenga mita chache kutoka zahanati, akawa mzee wa kanisa. Mtu mfupi, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi ya mkaa mpaka linang'aa mgongoni. Hakuwa na haraka na kitu chochote. Vifaa vyetu vilikuwa vichache: kisu cha upasuaji na nyembe zake, koleo mbili, mkasi mmoja uliokataa kukata, vibakuli vya chuma vyenye umbo la figo, na sufuria ya kuchemshia vyote hivyo juu ya jiko la mafuta ya taa. Gozi tulikata wenyewe kutoka kwenye robota. Ijumaa mchana, wagonjwa wakipungua, tuliketi kwenye benchi la nje tukikunja gozi mraba kwa mraba, na hapo ndipo alipokuwa anafundisha. Mpaka leo nikinusa spiriti nakumbuka lile benchi, na kahawa zilivyokuwa zikichanua ng'ambo ya barabara, nyeupe, mvua zikianza. Nililipenda sana benchi lile.

"Binti," alikuwa akiniambia, "jipu ulishike kama parachichi la sokoni. Ukilibonyeza kwa nguvu mwenye mali atakufukuza. Weka vidole viwili, kimoja kisukume kidogo, kingine kisikilize." Kikisikia maji yanacheza chini, limeiva. Kisiposikia, mpe mgonjwa dawa, mwambie alikande kwa maji ya uvuguvugu, arudi kesho. Alinifundisha pia kuogopa. Jipu la pua na la mdomo wa juu usilikamue, maana njia yake ya kwenda kichwani ni fupi. Uvimbe wa kinena usiuguse kwa kisu kabla hujamlaza mgonjwa na kumwambia akohoe, kwa sababu inaweza kuwa ngiri, na ndani ya ngiri kuna utumbo. Uvimbe unaodunda pamoja na moyo, ondoa mkono wako na uandike rufaa. Na ukitia shaka, anza na sindano tupu. Vuta. Kinachotoka ndicho kitakachokwambia ukate au uache.

Sasa niwaambie juu ya adabu yake, maana bila hiyo hamtaelewa yanayofuata. Kwa desturi ya kwao, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawasemeshani. Hata njia moja hawapishani. Sisi Wanyiha nasi tuna heshima zetu kwa wakwe, na siku hizi vijana wa kila kabila wanakaa na wakwe zao meza moja wakitazama mpira, lakini Mzee Kibona alizishika za kwao zote. Mwanawe mkubwa alikuwa huku Tunduma akihangaikia maisha mpakani, na mkewe, Tusekile, aliachwa pale kwa wazazi. Mzee akirudi nyumbani alikuwa anakohoa kabla ya kukata kona ya nyumba. Tusekile akisikia kikohozi anaingia jikoni na kujitanda kitenge. Alipokuwa mjamzito akaanza kuja kliniki, mzee alikuwa anageuka na kuingia chumba cha dawa, anapanga chupa zilizokwisha kupangwa mpaka niseme, "Ameshaondoka." Nami nilikuwa nikimtania, "Tabibu, leo chupa zimekaa mguu sawa." Hakucheka. Kwake haikuwa mchezo.

Tusekile akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Ipyana. Mtoto hajafikisha hata miezi miwili, masika yakiwa yamekolea, Mama Kibona akaja asubuhi zahanati na mkamwana wake amemshika kiuno. Tusekile alikuwa anatetemeka kwa homa. Ziwa la kushoto lilikuwa limevimba, jekundu, ngozi imenyooka inang'aa. Alikuwa amekaa nalo siku nyingi jikoni kimya, maana kulitaja ziwa lake katika boma ambalo baba mkwe ndiye tabibu aliona ni aibu. Jirani mmoja alikuwa ameshawaambia maziwa yameoza, mtoto aachishwe, apewe uji. Mtoto wa umri ule kumpa uji ni kumchimbia kaburi, na Tusekile alilijua hilo. Alishazika wa kwanza.

Nikaweka vidole viwili. Maji yalicheza. Lilikuwa limeiva, na lilikuwa kubwa, na mimi jipu la ziwa nilikuwa nimeliona likipasuliwa ila kisu sikuwa nimekishika. Nikatoka kwenda kumwambia tabibu. Alikuwa tayari amegeuka, anatazama shelfu.

"Tumpeleke hospitali ya Vwawa," nikasema.

"Daraja limefunikwa na maji tangu jana. Hata pikipiki zimerudi." Kisha akauliza, "Amechemka kiasi gani?"

Nikamwambia. Akafumba macho. Hapo ndipo nilipoona jinsi anavyoumia. Mikono iliyopasua majipu ya wilaya nzima ilikuwa imeshika ukingo wa shelfu, haiendi mbele wala nyuma. Nikasema kwa ukali wa ujana wangu, "Tabibu, Mungu atakusamehe. Ingia."

"Mungu atanisamehe," akasema. "Yeye je, ataishije boma moja na mimi? Nikiingia leo, kesho atakwenda kwao na mtoto mgongoni, na jipu bichi. Nawe utamfuata wapi?"

Kati ya chumba cha dawa na chumba cha vidonda palikuwa na ukuta wa mbao usiofika darini. Akautazama. "Nitasimama hapa," akasema. "Utakata wewe. Mimi nitakuwa masikio yako. Useme kila unachokiona."

Nikarudi, nikanawa, nikachemsha, nikapanga. Nikamlaza Tusekile. Kila kitu kikaenda sawa mpaka sauti ya mzee iliposema kutoka upande wa pili, "Sista, uko tayari?" Tusekile akaruka, akavuta kitenge mpaka usoni, akajikunyata kwenye kona ya kitanda. Homa ile yote, na bado alipata nguvu za kujificha. "Baba yupo," akanong'ona. "Siwezi, dada. Baba yupo."

Mama Kibona alikuwa amempakata mjukuu. Akasogea karibu, akasema bila kupandisha sauti, "Mama Ipyana, nisikilize. Baba mkwe wako ametoka asubuhi, amekwenda shamba. Huyo anayesema ni tabibu wa zahanati."

Upande wa pili mzee akakohoa, lakini si kile kikohozi chake cha nyumbani, akasema, "Sista, mimi ni tabibu. Mwambie mgonjwa wako tunaanza."

Tusekile akamtazama mama mkwe. Polepole akalala. Kitenge akakiacha usoni, ziwa akalifungua.

"Ganzi uizungushe pembeni," sauti ikasema. "Kwenye usaha penyewe ganzi haikubali. Anza na sindano, uvute." Nikavuta. Nikasema kilichotoka ni usaha mzito wa njano. "Sasa mkato. Uelekeze kwenye chuchu, kama spoku ya gurudumu la baiskeli inavyoelekea katikati, usikate kuzunguka. Na usiguse weusi wa chuchu, mtoto anapahitaji." Alisema "mtoto", hakusema "mjukuu wangu".

Nikakata. Ikatoka damu, tena kidogo.

"Nini kimetoka?"

"Damu tu."

"Damu tu." Alirudia taratibu. Niliona jasho langu likidondoka kwenye glavu. Nilikuwa na hakika nimekosea, nimemkata mtu bure, na kwamba mzee anapanda na kushuka pumzi kule kwa sababu anajua hivyo. Kisha akasema, "Hujakosea, binti. Umeogopa ngozi. Weka kisu chini. Chukua koleo, lifunge mdomo, liingize ulipokata, sukuma polepole mpaka usikie limepenya. Halafu lifungue. Usikate tena, fungua."

Nikasukuma. Mkono wangu ukasikia kitu kikiachia, nikafungua koleo, na usaha ukamwagika kwenye kibakuli kwa mlio ambao mzee aliusikia kabla sijasema. Nikasikia upande wa pili mtu anaketi chini kwenye debe.

Muda wote ule Tusekile alikuwa hajatoa sauti. Alikuwa ameuma kitenge. Machozi yalikuwa yanapita pembeni ya masikio, lakini kulia hakuthubutu, maana sauti yake ingevuka mbao. Sijui mzee alijuaje. Labda ukimya wenyewe ulimwambia. Akasema, "Sista, mwambie mgonjwa kwenye chumba hiki kulia kunaruhusiwa. Hata wanaume wa Iyula nimewaliza humo."

Akalia. Alilia kwa nguvu mpaka Ipyana naye akaamka akaanza kulia, na Mama Kibona akawa anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja.

"Sasa kidole," tabibu akaendelea, sauti imerudi kuwa ya kazini. "Humo ndani kuna vyumba. Ukimwaga kimoja ukaondoka, kesho vingine vitajaa. Vunja kuta kwa kidole, taratibu, mpaka iwe nyumba moja." Nikavunja. Nikasafisha kwa maji ya chumvi, nikaweka utambi wa gozi ndani ili mlango usijifunge kabla ya nyumba kusafishika, nikafunika. Akaniuliza rangi, harufu, kina. Nikajibu yote. Alipomaliza akasema, "Maziwa ya upande huo ayakamue kwa mkono. Upande wa pili mtoto anyonye leo hii. Maziwa hayajaoza. Aliyesema yameoza aje tuzungumze."

Kila asubuhi Tusekile alikuja kubadilishwa utambi, na kila asubuhi tabibu aliingia kwa chupa zake. Akishaondoka, mzee ananiuliza, "Yule mgonjwa wa chumba cha vidonda anaendeleaje?" Wanalala boma moja, jikoni kwa Tusekile ndiko ugali wa mzee unakopikwa, lakini habari za afya ya mkamwana wake alizipata kwangu, kwa njia rasmi. Utambi ukawa unafupika kila siku. Homa ikashuka. Siku niliyomwambia mtoto ameshika ziwa la kushoto na amenyonya mpaka akalala, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akaniambia nikahesabu vidonge vya malaria.

Nilihama kule nikaletwa Tunduma, na hapa ndipo mlipoanza kunifahamu. Majipu ya Tunduma ni mengine. Madereva wa malori wanaokaa foleni ya mpakani huku wameketia majipu, wanataka wapasuliwe wakiwa wamesimama ili lori lisipitwe. Mama wa Kizambia anayeingia na salamu ya asubuhi ya kwao, "mwashibukeni, ba nesi", na jipu la takoni baada ya sindano aliyochomwa na mtu wa dukani ambaye hakunawa mikono. Wenye majipu yanayorudi kila mwezi, ambao mkipima sukari mnakuta iko juu darini. Pimeni sukari, nawaomba. Siku hizi jipu la ziwa mnalinyonya kwa sindano huku mkiangalia kwenye ultrasaundi, mnamaliza bila mkato, na mimi nafurahi kwelikweli, wala sina wivu. Wivu wangu ni kwamba hamkunji gozi. Zinakuja zimekunjwa kiwandani, kwa hiyo hamna Ijumaa ya kuketi pamoja na mtu mzima akawaambia anachokijua.

Wakati najiandaa kustaafu, nilipigiwa simu kwamba Tabibu Kibona amefariki. Nikapanda gari mpaka Iyula. Boma lilijaa, nusu ya waliokuja walikuwa na kovu la mkono wake mahali fulani. Tusekile alikuwa mama mzito sasa, nywele zimeanza mvi pembeni, mwanawe Ipyana ndiye aliyekuwa anapanga viti. Tusekile ndiye aliyemtunza mzee miaka yote ya mwisho, akampikia, akamfulia, akamwekea maji ya kuoga nje ya mlango na kuondoka. Hawakuwahi kutazamana.

Ulipofika wakati wa kuaga mwili, wazee wa upande wao wakaanza kubishana. Wengine walisema mkamwana hapiti; mkwe ni mkwe hata akiwa jenezani. Mama Kibona, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, hakusubiri wamalize. "Amejificha kwa heshima akiwa hai," akasema. "Sasa amwone kwa heshima. Apite."

Tusekile akanitafuta kwa macho kwenye umati. Akanishika mkono, mkono wake wa baridi. "Twende wote, dada. Sauti yake naijua. Uso ndio kwanza."

Tukapita. Alipofika kwenye jeneza alikuwa bado ametazama chini, kwa mazoea. Nikambana vidole. Akainua macho. Akamtazama muda mrefu, paji la uso, pua, kidevu. "Kumbe ni mume wangu mtupu," akasema polepole. Kisha akakishusha kitenge kutoka kichwani mpaka mabegani, akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo, baba."

Hakuwahi kumpa salamu hiyo maisha yake yote. Tulisimama pale tukisubiri, ingawa sote wawili tulijua hataitikia. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiwahimiza watu wasogee akanyamaza, na foleni yote nyuma yetu ikasubiri nasi.